Zima Hiyo Mashine

"Zima hiyo mashine," alisema Shangazi Dorotea.

Brashi ilikuwa bado inazunguka ndani ya bakuli la kioo, povu limepanda mpaka ukingoni, limeshika rangi ya dhahabu na kahawia niliyotoka kumpaka yeye kwenye kope. Wanawake waliokuwa wamekaa mkekani waliacha maongezi yao katikati. Nilibaki nimekandamiza kile kitufe kwa kidole gumba, nikajifanya sijasikia, maana nilijua nikikiachia tu sitapata nafasi nyingine.

"Susana. Nimesema zima."

Nilizima.

Hiyo ilikuwa Buswahili, wilayani Butiama, asubuhi ya harusi ya Boke, msimu ule wa macho mekundu. Wengi mnaukumbuka. Ulianzia Dar, tukausikia redioni na kuwacheka watu wa Dar. Ukaja Mwanza, tukapunguza kucheka. Halafu siku moja mteja akaingia saluni kwangu Musoma mjini amevaa miwani myeusi huku nje mvua inanyesha, nikajua umefika. Nilimrudishia mlangoni. Alinitukana mpaka akavuka barabara, na mimi nikamwambia karibu tena dada ukishapona.

Mimi ni mtu wa kuosha, sifichi. Nimekulia Makoko, mama yangu akianika dagaa, na shuleni nilikuwa nakaa dawati la peke yangu kwa sababu ya harufu. Labda ndiko nilikotoa huu ugonjwa wa sabuni. Nilipoingia kwenye kazi ya mekapu nikakuta mafundi wenzangu wanampaka bibi harusi, wanampaka mama mkwe, wanapaka wasimamizi wote, kwa brashi ileile ambayo haijaona maji tangu itoke dukani. Nywele zake zimegandamana, ukiigonga mezani inalia kama kijiti. Mwili ulikuwa unaniwasha kwa kuangalia tu.

Ndiyo maana niliagiza ile mashine Kariakoo, ikaletwa kwa basi ndani ya boksi la viatu. Ni mpini wa plastiki wenye betri ndani, unaushika kama tochi. Mbele unachomeka kipete cha mpira, kipete kinabana mkia wa brashi, unaichovya kwenye maji ya sabuni na kubonyeza. Inavuma, inazunguka, uchafu wa nyuso za watu unaachia wote unabaki kwenye bakuli. Ukiiinua juu ya maji ukabonyeza tena, inajikausha yenyewe kwa kuzunguka. Zamani nilikuwa naziosha jioni kwenye kiganja na kuzilaza juu ya taulo mpaka kesho yake. Kwa mashine naweza kuosha na kukausha kabla mteja hajamaliza kumsema mume wake.

Aliyeipenda kuliko mimi ni Boke. Alitoka Buswahili kuja kujifunza kusuka kwangu, akasuka, akajifunza na mekapu, mwisho akawa ndugu. Yeye ni mtoto wa watu wa ng'ombe, basi kila asubuhi kabla ya wateja alikuwa anajaza bakuli maji, anachomeka brashi na kusema, "Dada Susa, subiri kidogo, ngoja nikamue." Akimaliza anamwaga yale maji machafu kwenye karo na kuniambia leo maziwa hayafai.

Boke alikuwa na jicho moja. La kushoto lilichomwa na bua la mtama akiwa mdogo, wakati wa kuvuna. Mama yake alikuwa ameshafariki, anayemlea ni huyo Shangazi Dorotea, dada wa baba yake. Shangazi alimfunga mgongoni kwa kanga akaenda naye kwa miguu mpaka hospitali, njia yote mtoto analia, na lile jicho halikupona. Lililobaki likafanya kazi ya mawili. Alikuwa anageuza shingo kidogo ili akuone sawasawa, na wateja wapya walidhani ana maringo. Mkono wake kwenye wanja ulikuwa umetulia kuliko wangu, na nilikuwa namwambia hivyo mbele ya watu.

Kwa hiyo macho mekundu yalipoingia mjini nililichunga lile jicho kuliko alivyolichunga mwenyewe. Nilimkataza kupaka wateja. Nilimnunulia taulo lake. Nilimwambia, "Wengine wakiugua wana la akiba, wewe huna." Alicheka. "Basi dada nifungie kabatini mpaka siku ya harusi, Stanslaus aje anichukue na kabati lake." Stanslaus ndiye mchumba, fundi pikipiki wa Bunda, kijana mpole wa kuongea kwa kupimapima maneno. Nami karibu nimfungie kweli. Wiki zote zile jicho lake lilibaki jeupe kama sahani.

Sasa kuna jambo la ukoo wao. Mimi ni mtu wa ziwani, kwetu jambo hilo halipo. Kwao, aliyemlea bibi harusi ndiye hupakwa kwanza. Enzi za bibi zao ilikuwa samli: mlezi alijipaka samli usoni, halafu kwa mkono uleule, bila kunawa, akampaka binti. Ulichonacho wewe kinakwenda kwake, uzazi wako, miaka yako, bahati yako. Ukinawa katikati umekata, tena umekata mbele ya watu. Samli ikaondoka ikaja losheni, losheni ikaondoka ikaja mekapu, na mkono ukageuka kuwa brashi. Boke aliniambia mapema, na mimi nikaona ni jambo zuri. Nilisema nitampaka shangazi poda ya shavu kidogo, kisha nampaka Boke, na kila mtu atafurahi.

Asubuhi ile shangazi alitoka chumba cha ndani amevaa gauni la kitenge kipya na miwani myeusi. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye kigoda mbele yangu na kuivua ile miwani kwa utulivu, akaikunja mapajani. Macho yalikuwa kama nyanya. Yamevimba, yanatoa machozi, kwenye pembe kuna utando wa njano.

"Yanaelekea kupona," alisema. "Naweka majani. Nipake."

"Shangazi, tupake shavu. Shavu linatosha."

"Macho."

Nilimwangalia Boke. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kichwa chote kimejaa vibanio, anatazama chini.

Shangazi akaendelea, sauti ya chini, kama vile tupo wawili tu. "Huyu mtoto nilimfikisha hospitali nimechelewa. Daktari alisema ningewahi, jicho lingebaki. Nilikuwa nimesubiri, nilikuwaga naogopa gharama. Nimelala na hilo neno miaka yote. Leo natoa la kwangu liende kwake. Nipake macho, halafu umpake yeye macho kwa hiyohiyo brashi."

Mngemjibu nini? Nilimpaka. Nilimpaka kope zote mbili polepole, rangi ya dhahabu na kahawia, huku machozi yake yananata kwenye nywele za brashi, na nilikuwa nimetulia kabisa kwa sababu nilikuwa na mashine. Nilipomaliza nikasema ngoja nitoe rangi iliyoganda, nikachomeka mkia wa brashi kwenye kipete na kuichovya kwenye bakuli. Nilidhani itavuma kidogo, nami nitaitoa safi, na hakuna atakayejua. Sikujua kwamba masikioni mwao ule mvumo ulikuwa tusi.

"Unaniosha?" aliniuliza shangazi nilipozima.

"Sikuoshi wewe, shangazi. Naosha ugonjwa."

"Ugonjwa uko wapi? Si uko kwangu? Basi unaniosha mimi."

Mwanamke mmoja mkekani akasema watu wa mjini wana dharau sana siku hizi. Mwingine akasonya. Nikaona nikifichaficha nitaharibu zaidi, nikasema wazi. Nikasema hii ni macho mekundu, inaambukiza kwa kugusana, na huyu binti ana jicho moja, likiugua hana lingine.

"Ndiyo maana nampa," shangazi akasema.

Kila nilichosema kilikuwa tayari ndani ya alichosema yeye. Nilikuwa nasukuma mlango na yeye anausukuma kutoka upande wa pili, na sote wawili tunamwokoa mtu yuleyule.

Nikamgeukia Boke. "Wewe unaijua kazi hii. Waambie."

Aligeuza shingo ili anione. Halafu akamtazama shangazi yake aliyekuwa anajipangusa machozi kwa upande wa kiganja ili asiharibu rangi.

"Dada," alisema, "paka tu."

"Sipaki."

"Huyu alinibeba. Nikimuosha leo mbele ya watu si ndiyo nimemwambia ananuka?"

Nikasema sipaki, na nikaiacha brashi kwenye bakuli. Shangazi hakubishana. Aliinama, akachagua brashi nyingine kwenye mkoba wangu, akajipitishia kwenye kope zake mwenyewe, kulia, kushoto, akanyanyuka. Nilimshika mkono. Kumshika mkono mama mzima, nyumbani kwake, mbele ya mawifi zake. Chumba kizima kilisimama. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifokea. Walinishika mabega taratibu kama unavyomwondoa mtu aliyezidiwa na kilio msibani, wakanitoa nje na kuniweka kwenye kivuli cha banda la ndama, na mmoja akaniletea maji ya kunywa. Nilikuwa nimeshika kile kikombe niliposikia vigelegele ndani.

Waliniita baadaye. Masatu, mpiga picha niliyekuja naye kutoka Musoma, alikuwa anakagua kamera yake na kusema amepata picha nzuri sana ya shangazi akimpaka binti. Boke alikuwa amefumba macho yote mawili. Rangi ilikuwa imepanda mpaka kwenye nyusi, upande mmoja imekwenda juu kuliko mwingine.

Nilimnong'oneza, "Nikufute?"

"Usifute. Sawazisha tu pembeni."

Nikasawazisha. Wanja ulinitoka ovyo mara ya kwanza, kitu ambacho hakijawahi kunitokea. Akafunga ndoa kanisani Butiama, akapendeza, kwaya ikaimba mpaka padri akaangalia saa. Jioni sherehe ilikuwa Bunda na nilicheza kama wengine. Shangazi alinifuata kwenye kiti changu na sahani ya nyama na kuniambia, "Kula mwanangu, sina kinyongo." Nilikula. Nyama ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilinikera.

Siku chache baadaye simu iliita nikiwa na mteja. "Dada, limeanza," Boke alisema, kama anayesimulia mvua.

Nikamwambia aende hospitali. Akasema ameshaenda, wamempa dawa ya matone, wamemwambia anawe kwa maji safi na asubiri. Nikamwambia sasa usiweke kitu kingine chochote, hata ukiambiwa na nani. Akasema sawa. Nilimpigia asubuhi, nilimpigia mchana, mpaka Stanslaus akaanza kupokea yeye na kunijibu kwa upole kwamba amelala. Watu wote niliowajua walikuwa wanaugua macho mekundu na kupona. Nilijiambia atapona kama wao.

Halafu shangazi akaenda Bunda kumuuguza. Macho yake yalikuwa meupe, yamepona, na kwa imani yake yalikuwa yamepona kwa majani. Alibeba majani yaleyale kwenye mfuko wa rambo.

"Stanslaus, mtoe huyo mama hapo," nilimwambia kwenye simu.

"Dada Susana, nimtoeje? Ndiye mama wa mke wangu."

"Basi yatupe majani."

"Boke mwenyewe ndiye anayasubiri," akasema. "Anasema yule mama akimpaka anapata usingizi."

Nilifunga saluni nikaenda Bunda. Nilimkuta amelala na kitambaa usoni, nyumba nzima inanuka majani yaliyopondwa, shangazi anampepea kwa gazeti. Nilipoinua kitambaa nikaona kwenye mboni kuna doa la kijivu, kama ukungu kwenye kioo cha dirisha. Tulimpeleka hospitali, wakatazama na kutuandikia twende Mwanza, tukaenda Mwanza sote wanne.

Daktari alimmulika muda mrefu. Aliuliza kama kuna dawa ya kienyeji iliyowekwa. Shangazi alikuwa nje kwenye benchi, ameshika mfuko wenye nguo za Boke.

"Niliweka majani mwenyewe," Boke akasema.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka. Alitueleza kwamba yale macho mekundu yangeisha yenyewe, huwa yanaisha. Majani ndiyo yametia kidonda, kidonda kimeacha kovu kwenye kioo cha jicho. Sasa atakuwa anaona mwanga, atajua mchana na usiku, akipita mtu dirishani ataona kivuli. Kuna kubadilisha kioo hicho, kuwekewa cha mtu aliyefariki, lakini hakipatikani kirahisi, jina lake litawekwa kwenye orodha na tutapigiwa. Stanslaus aliuliza ni lini. Daktari alisema tutapigiwa.

Tulipotoka, Boke aliniegemea begani, akaniambia sikioni kabla hatujafika kwenye benchi, "Kuhusu majani, na kuhusu brashi, shangazi asijue. Dada, utaniahidi?"

Sikutaka kumuahidi. Nilimchukia yule mama. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, kwa mapenzi yake ambayo hayakubali kuoshwa. Nilitaka ajue. Nilitaka arudi Buswahili na hilo neno, alale nalo, kama alivyolala na lile la kwanza. Halafu nikamwona anainuka kwenye benchi, anatukimbilia na kanga mkononi, anauliza, "Wamesemaje? Wamesema litapona?" na Boke akamjibu, "Wamesema tusubiri, shangazi." Mdomo wangu ulijifunga wenyewe.

Simu bado haijapigwa. Namba wanayoipigia ni ya kwangu, kwa hiyo siku hizi sizimi simu, hata kanisani.

Juzi nilikwenda Bunda kumpelekea albamu. Masatu alichelewa kuitengeneza, na nilipoichukua nikajiuliza inakwenda kwa nani. Lakini Boke alikuwa ameshaiulizia. Nilimkuta amekaa barazani kwa Stanslaus, na shangazi amekaa pembeni yake chini na sahani ya sato mapajani. Amehamia pale tangu siku ya Mwanza. Ng'ombe wake amewaachia watu. Anamfulia, anamsuka, anachambua samaki mpaka asibaki mwiba, anamwekea tonge mkononi, na ugomvi wao wa siku nzima ni kwamba Boke anataka kula mwenyewe.

"Nisomee," Boke aliniambia, akaweka albamu mapajani kwake na kunipa upande mmoja nishike.

Nikamsomea. Hapa mnatoka kanisani, Stanslaus amekanyaga gauni. Hapa kwaya. Hapa wewe na mimi, mimi nimefumba macho. Alikuwa anacheka, anapitisha kidole juu ya plastiki kana kwamba picha zina kingo. Tukafika ile ya asubuhi. Shangazi aliacha kuchambua samaki.

"Hapa shangazi anakupaka," nikasema.

"Alipaka vizuri?"

"Alipaka vizuri."

"Muongo wewe. Nilijiona kwenye kioo. Ilikuwa imepanda mpaka kwenye nyusi."

Shangazi alicheka, na mimi nikacheka. Boke alicheka zaidi yetu. Kisha shangazi akajipangusa mkono kwenye kanga, akaivuta albamu kidogo upande wake na kuitazama ile picha kwa karibu. Pichani, nyuma yake kwenye meza, lilikuwa linaonekana bakuli langu lenye povu.

"Susana," alisema bila kuinua uso. "Siku ile ulikuwa umeshupaa kweli. Mpaka ukanishika mkono. Ulisema ni ugonjwa, lakini kwa nini hasa ulikuwa unataka kuosha vile?"

Stanslaus alikuwa anafungua tairi uani, nikasikia spana imetulia. Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni, lote, na majani na brashi na Mwanza. Boke alisubiri kidogo aone kama nitalisema.

"Anaoshaga kila kitu huyu, shangazi," akasema. "Hata vijiko vya watu anavioshaga kabla hajala. Tulikuwa tunamcheka saluni."

Shangazi aliniangalia. Macho yake yalikuwa meupe, safi, yanaona mpaka ng'ambo ya barabara.

"Kweli, Susana?"

"Kweli, shangazi," nikasema. "Hata vijiko."